Koti la Kuku Mwekundu

Fundi Elimringi hakuwa mpenzi wa kuku. Nyama yao aliipenda, na hilo hakulificha, lakini kuku mzima, anayetembea kwa miguu yake na kuingia ndani bila hodi, alimchosha. Yeye alikuwa fundi wa suti. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda mtaa wa Daraja Mbili, na wanaume wengi wa Arusha waliosimama madhabahuni wakiwa nadhifu walisimama ndani ya kazi ya mikono yake. Magoti yalipoanza kumsumbua alihamishia cherehani nyumbani Usa River, akaiweka barazani penye mwanga, na wateja wakamfuata huko huko. Shida ni kwamba baraza hiyo ilikuwa pia njia ya kuku wa mkewe.

Mkewe aliitwa Aikaeli, ingawa mtaa mzima, pamoja na Elimringi mwenyewe, walimwita Mama Violet. Alifuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, kwenye banda la mbao kando ya migomba, na alijua tabia ya kila mmoja wao: nani mchoyo, nani anataga kichakani, nani anajifanya mgonjwa ili apewe mahindi. Elimringi hakuwatofautisha. Alichojua ni kwamba kila akitandika kitambaa mezani, kuna mmoja atapita juu yake na matope miguuni.

"Baba Violet, mayai yao unakula kila asubuhi," mkewe alikuwa akimwambia.

"Mayai hayapandi mezani," alikuwa akijibu.

Basi ikafika siku simu ikapigwa kutoka Moshi kwamba Violet, binti yao, amejifungua salama mtoto wa kike, wa kwanza. Mama Violet aliimba akiwa anafunga mizigo. Alipakia ndizi za kupikia supu ya mtori, samli, na vitenge vilivyochakaa vizuri vya kumfunika mtoto. Mlangoni akageuka na kuanza kumpa mumewe maagizo, kidole kimoja baada ya kingine.

"Wafungulie jua likishatoka, si kabla. Pumba kidogo, wasishibe wakakaa bure. Maji uyamwage uweke mapya, usiongezee tu juu ya yale ya jana. Na yule mwekundu, mnono, unamwona pale? Huyo ndiye wa supu ya Violet. Jumamosi ukija kumwona mjukuu, uje naye. Tutamchinja huko huko."

Elimringi alimtazama yule mwekundu. Alikuwa anakwangua chini ya mgomba, hana habari na mtu.

"Nimekuelewa," akasema.

Siku mbili hivi mambo yalikwenda bila tatizo. Kuku walifunguliwa, wakala, wakafungiwa. Elimringi alikuwa na kazi ya kumaliza, suti ya bluu iliyoiva ya kijana mmoja aitwaye Daniel aliyekuwa anaoa Jumamosi hiyo hiyo, yenye bitana ya rangi ya damu ya mzee inayoteleza kama maji. Alikuwa anatia mkono wa koti aliposikia nyuma ya nyumba kelele ambazo hata mtu asiyejua kuku angezielewa.

Alitoka na rula yake ya mbao mkononi. Mbwa wa jirani alikuwa amepenya kwenye ua wa michongoma na alikuwa amemng'ata kuku mmoja mgongoni, anamtikisa kama anayekung'uta mkeka. Elimringi alipiga kelele na kupiga rula kwenye ndoo. Mbwa alishtuka, akaachia, akarudi alikotoka na mdomo uliojaa manyoya huku akitikisa mkia, kana kwamba mchezo ulikuwa mzuri isipokuwa umeisha mapema.

Kuku alijiburuta hadi chini ya mgomba akatulia. Alikuwa yule mwekundu.

Maisha yake yote Elimringi alikuwa amewashika kuku kwa miguu, vichwa chini, kama mfuko. Huyu hakushikika hivyo. Ilibidi apige goti, na goti likalalamika, akamchukua kwa mikono miwili akamweka kifuani. Ngozi ya mgongo ilikuwa imepasuka kuanzia katikati ya mabawa hadi karibu na mkia, imefunguka kama koti lililoachia mshono wa nyuma. Ndani nyama ilionekana, nyekundu na safi.

Aliingia jikoni, akachukua kisu. Hakuwa na ukatili wowote moyoni. Ndivyo watu wanavyofanya: kuku akiumia vibaya, anachinjwa upesi, nyama isipotee bure. Akaketi kwenye kigoda, kisu pembeni, kuku mapajani. Yule kuku akasukuma kichwa chake chini ya kwapa la Elimringi akakificha huko. Moyo wake ulikuwa unadunda kwenye kiganja cha fundi, mwepesi kuliko cherehani inapokanyagwa kwa haraka.

Elimringi akautazama mgongo tena. Alitazama kingo za jeraha. Upande huu ulikuwa mzima, na upande ule ulikuwa mzima. Hakuna kipande kilichopotea. Kwake yeye kitu kilichochanika bila kupoteza kipande hakijawahi kuwa cha kutupa, na mikono yake ilishaanza kuwasha kabla kichwa hakijaamua.

"Hodi hapa," sauti ikaita getini.

Alikuwa Nashipae, jirani wa upande wa pili wa michongoma. Yeye na mumewe, Sakaya, walihamia mwaka ule kutoka Oldonyosambu, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Sakaya aliendesha magari ya watalii na mara nyingi alikuwa safarini. Nashipae alifanya kazi kwenye shamba la maua, kufunga mawaridi ya kupelekwa Ulaya. Mpaka siku hiyo ujirani wao ulikuwa wa salamu za juu ya ua, na mara mbili Elimringi alikuwa ameshawaambia kwamba yule mbwa, Komando, siku moja ataleta maneno.

Nashipae alikuja mbio, bado amevaa gambuti za kazini, na ameshika unyoya mwekundu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Elimringi alisema, bila kuinua macho.

"Baba, nimemkuta Komando ana manyoya mdomoni. Nimeshamfunga. Naomba unisamehe sana. Nina kuku wangu mmoja, mkubwa, nitamleta sasa hivi uchukue badala ya huyu." Kisha akaona kisu. "Umeshamchinja?"

"Bado."

Alisogea, akachuchumaa, akapuliza taratibu manyoya ya mgongoni yafunguke. Uso wake ukabadilika. Hakuwa tena mtu aliyekuja kuomba msamaha. Alikuwa mtu mwenye kazi.

"Huyu anapona," akasema.

"Unajuaje?"

"Kwetu nimekua nachunga mbuzi. Fisi akimkosa mbuzi anamwachia kidonda kikubwa kuliko hiki, na mbuzi anapona. Chumvi unayo? Na maji ya moto, yapoe kidogo. Na mkasi, tumkate manyoya haya ya pembeni, la sivyo yataingia ndani."

Sasa, mkasi. Elimringi alikuwa na mkasi mmoja wa maana, mkubwa, mzito, aliokuwa nao tangu Daraja Mbili. Mkasi ule ulikata nguo tu. Wakati fulani Mama Violet aliwahi kuufungulia pakiti ya maziwa, na nyumba nzima ililala bila mazungumzo. Elimringi akampa Nashipae kuku amshike. Kisha akaingia barazani, akautoa kwenye ala yake ya kitambaa, akamkabidhi jirani.

"Taratibu," akasema, na haikueleweka kama alikuwa anamhurumia kuku au mkasi.

Walimsafisha pale pale kwenye kigoda, Elimringi ameshika, Nashipae anamwagia maji ya chumvi kwa kikombe. Kuku alitetemeka lakini hakupigana. Wakampigia simu Derick, kijana wa duka la dawa za mifugo pale barabarani, ambaye alisomea kazi hiyo, na jua lilipokuwa linaelekea kushuka akafika na pikipiki yake. Elimringi alikuwa amejiandaa. Alikuwa amechagua sindano nyembamba kuliko zote na uzi wa hariri, ameviweka kwenye kisahani.

"Umevipitisha kwenye maji ya moto?" Derick akauliza, akitazama kisahani.

"Nimevichemsha."

"Umefanya vizuri, mzee wangu, ila hatushoni." Akamgeuza kuku kidogo, akamkagua. "Ngozi ya kuku ya hapa mgongoni inajifunga yenyewe ukiiacha safi. Ukishona unaweza kufungia uchafu ndani. Huyu anahitaji kusafishwa kila siku, apakwe hii, na akae mbali na wenzake."

Akatoa kichupa cha dawa ya zambarau, ile ile ambayo watoto hupakwa wakidondoka, akampaka kuku mgongo mzima. Mwekundu akawa nusu mwekundu nusu zambarau.

"Kuna maadui wawili," Derick akaendelea akinawa mikono. "Inzi wakitua, funza. Na kuku wenzake wakiona damu watamdonoa mpaka wammalize. Hawana huruma hata kidogo wale. Mzuie na hao wawili, mengine atafanya mwenyewe."

Elimringi alirudisha sindano kwenye kikasha chake. Alijisikia kama mtu aliyevaa vizuri kwa ajili ya sherehe akaambiwa imeahirishwa.

Kuku alilala kwenye boksi karibu na cherehani. Asubuhi alikuwa hai, lakini amesimama tu, macho yamefumba nusu, na mahindi hakuyagusa. Elimringi alimsemesha kwa Kichaga, halafu kwa Kiswahili, halafu akaenda kwenye ua wa michongoma akaita. Nashipae, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini, akapitisha bakuli juu ya ua, ugali laini uliovurugwa na maziwa ya mgando.

"Usimwekee chini," akasema. "Mpe mkononi. Ajue ni mtu anampa."

Basi fundi wa suti, mzee mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, akaketi sakafuni barazani na kiganja kilichojaa ugali. Kuku alimtazama kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akamtazama kwa la pili. Kisha akadonoa mara moja, kwa adabu, halafu akaanza kula kweli kweli, na kile kidomo kilipogonga katikati ya kiganja Elimringi alijikuta anatabasamu peke yake, barazani, mchana kweupe.

Simu ikaita. Mama Violet.

"Kuku hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mwekundu?"

"Yupo hapa."

"Anakula?"

"Anakula sasa hivi."

"Mlishe vizuri, anenepe. Mjukuu wako ana nywele nyingi, hutaamini. Analia kama anaimba kwaya."

Alipokata simu Elimringi alimtazama kuku, kuku akamtazama. Kila alichosema kilikuwa kweli. Hata hivyo aliona aibu kidogo, na alipomwongezea ugali aligundua kwamba hakumwonea aibu mkewe. Alimwonea yule kuku.

Inzi ndio waliomsumbua zaidi. Ndani ya boksi kuku hakutulia, alitaka jua, na akimtoa nje inzi walimwandama wakati yeye Elimringi ana koti la bwana harusi mikononi. Alifukuza na kushona, akashona na kufukuza. Mara mbili akajidunga sindano. Mwishowe akaweka kazi ya Daniel pembeni, akaokota kipande cha bitana kilichobaki, kile chenye rangi ya damu ya mzee, akakishika kwenye mwanga.

"Njoo hapa," akamwambia kuku.

Alichukua vipimo. Kuku alihangaika kwenye kupimwa kuliko bwana harusi yeyote ambaye fundi aliwahi kumpima, lakini futi ilizunguka kifua, ikashuka kutoka shingoni hadi mkiani, ikapita chini ya mabawa. Elimringi akachora kwa chaki, akakata. Koti la kwanza halikufaa. Kuku alipovishwa alianza kutembea kinyumenyume, akarudi nyuma baraza nzima mpaka akaingia kwenye ndoo. La pili akalifanya pana mgongoni, lisiguse jeraha, akaweka mipira laini ya kuzunguka mabawa na kifungo kifuani. Akalipiga pindo pande zote. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kuacha kazi nusu, akalimalizia kwa mkunjo wa bluu shingoni na kimfuko kidogo upande wa kushoto.

Jioni Nashipae alipopita kumwangalia mgonjwa alimkuta anatembea barazani, amevaa, mkia juu, na upepo unalipapasa koti lile linalong'aa. Nashipae alishika nguzo. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye ngazi, akafuta machozi kwa upindo wa kanga yake, akatazama tena, akacheka upya.

"Baba," akasema alipoweza, "mfuko wa nini?"

"Koti lisilo na mfuko si koti," Elimringi akajibu kwa utulivu, lakini midomo yake ilikuwa inamsaliti.

Kesho yake habari ilikuwa imefika hadi barabara kuu. Wanafunzi wakitoka shule walisimama getini. Wanawake wa shamba la maua walipita kwa makundi baada ya zamu, wakaomba kumwona bibi harusi, wakamwona, wakaenda zao wakicheka njia nzima. Elimringi aliwaambia wote kwamba ni mambo ya afya, ni kwa sababu ya inzi. Lakini kabla hawajafika getini alikuwa ameshamnyooshea kuku koti.

Daniel, bwana harusi, alikuja kujaribu suti yake. Ilimkaa vizuri kila mahali. Akalifungua koti, akaitazama bitana, kisha akaangalia chini, ambako kuku mwenye bitana hiyo hiyo alikuwa anadonoa kamba ya kiatu chake. Elimringi alijiandaa kuomba radhi.

"Kwa hiyo tuko wawili," Daniel akasema. Akampigia magoti yule kuku akamtengenezea mkunjo wa shingoni. "Wewe umenitangulia kuvaa."

Mambo yangebaki Usa River kama Nashipae hangekuwa na simu. Alikuwa amempiga picha kuku akiwa amesimama mbele ya cherehani, na Mlima Meru nyuma yake umejitokeza wote bila wingu, na picha hiyo akaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp na maneno: "Mteja mpya wa fundi jirani yangu." Alisahau kwamba namba ya Mama Violet alikuwa nayo, tangu siku walipopeana namba kwa ajili ya zamu za maji.

Simu iliita Elimringi akiwa anakunywa chai.

"Baba Violet."

"Naam."

"Kwa nini kuku wangu amevaa koti?"

Elimringi aliweka kikombe chini. Akaanza mwanzo, na mbwa, na kisu, na maji ya chumvi, na Derick, na inzi. Akaeleza habari ya bitana. Akasikia kitu kama mtu anayejizuia kukohoa, halafu Mama Violet akaachia, akacheka kile kicheko chake cha ujana ambacho Elimringi hakuwa amekisikia kwa muda mrefu, kile kilichomfanya amwoe, cheko linaloanza chini na kupanda ngazi. Nyuma yake Violet naye alikuwa anacheka na kulalamika kwamba kidonda cha uzazi kinamuuma akicheka, na mtoto akaamka akaanza kuimba kwaya yake.

"Ana mfuko," Mama Violet alikuwa anamwambia binti yake. "Hebu kuza picha. Baba yako amemwekea mfuko."

"Sasa supu itakuwaje?" Elimringi akauliza.

Ilikuwa zamu ya Violet kuichukua simu. "Shikamoo baba. Mimi kuku mwenye koti sili. Usimlete."

Elimringi alishusha pumzi ambayo hakujua kwamba ameishikilia tangu siku ya mbwa. Akajifanya anawaza. Akasema basi, kama ndivyo anavyotaka mzazi, hawezi kubishana na mzazi.

Ijumaa Sakaya alirudi kutoka safarini. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na mkewe alikuwa ameshamsimulia yote. Alikuja na paja la kondoo lililonona, limefungwa kwenye majani ya mgomba.

"Baba, hili peleka Moshi," akasema. "Kwetu mwanamke akijifungua anapewa kondoo, anywe supu yenye mafuta, damu irudi. Mbwa wetu amewakosesha kuku. Na ule ua nitauziba kesho mwenyewe."

"Kuku hatujamkosa," Elimringi alisema. "Lakini kondoo nitampeleka."

Jumamosi asubuhi Elimringi aliwaachia majirani mgonjwa wake. Alisimama mlangoni na mfuko wake mkononi, gari la kwenda Moshi linakaribia kupita, na bado hakuondoka.

"Asubuhi unamvua, unamsafisha, unampaka, unasubiri ikauke ndipo umvishe. Ugali uwe vuguvugu. Asipewe chini, apewe mkononi. Na jioni usimweke boksini kabla hajazunguka kidogo, hapendi."

"Nimeelewa, baba," Nashipae akasema.

"Kuna koti la pili pale, la kubadilisha."

"Nimeliona. Nenda kamwone mjukuu."

Moshi, nyumba ilikuwa imejaa harufu ya mtori na mafuta ya mtoto. Mama Violet alimtoa mtoto kitandani, akamletea. Watoto wao wenyewe Elimringi hakuwahi kuwashika wakiwa wachanga hivi. Alikuwa akiogopa, akisema mikono yake ni ya nguo. Safari hii aliketi, akakunja mkono, akampokea mtoto kifuani, kiganja kimoja chini ya mgongo, akakiacha kichwa chake kitafute mahali chenyewe. Mtoto akazungusha uso mpaka ukafika kwenye kwapa la babu yake, akatulia.

Mama Violet alimtazama kwa mshangao.

"Hivi umejifunzia wapi kushika?"

"Nyumbani," Elimringi akasema. "Kwa mwekundu."

Supu ya kondoo ilipikwa, Violet akanywa mabakuli mawili, rangi ikamrudia mashavuni. Jioni ile ile Nashipae alituma picha nyingine, kuku amesimama juu ya gambuti zake, amevaa koti la pili. Elimringi aliwaonyesha wote, na hata mama mkwe wa Violet, ambaye ni mwanamke asiyecheka ovyo, aliiomba simu aitazame vizuri.

Wiki zilikwenda. Jeraha lilikauka, likajifunga kutoka pembeni kwenda katikati kama Derick alivyosema, na chini ya rangi ya zambarau vikaanza kuchomoza vijiti vidogo vya manyoya mapya. Derick akasema sasa arudishwe kwa wenzake, taratibu, akiwa amevaa bado. Hilo ndilo Elimringi alikuwa akiliogopa. Alimwita Nashipae asimame naye, na rula yake ya mbao akaichukua kwa tahadhari.

Walimweka chini mbele ya banda. Kuku wote wakaacha kula. Jogoo, ambaye siku zote alijifanya mkubwa wa ua, alinyoosha shingo, akaliona lile koti linalong'aa linamjia, akapiga ukelele na kurukia juu ya paa la banda, akabaki huko mpaka saa ya chakula ilipopita. Koo mmoja wa kijivu, mwenye kuwatisha wengine, ndiye aliyejitokeza. Alimzunguka mwekundu mara moja. Akadonoa kile kifungo cha kifuani, akakuta hakiliki, akakidonoa tena kwa kutoamini. Mwekundu akamdonoa yeye kichwani, pigo moja la uhakika, akaendelea na pumba zake. Mambo yakaishia hapo.

"Huyu ana cheo sasa," Nashipae akasema.

Mama Violet alirudi siku yenye jua baada ya mvua. Aliwasalimu majirani, akaweka mizigo, na kabla hajanywa hata maji akaenda nyuma ya nyumba. Nashipae naye akaja, akakaribishwa kwenye kigoda kama mtu wa nyumbani. Elimringi alimwita mwekundu, na kuku akaja mbio kwake, akampita Mama Violet kana kwamba ni mgeni.

"Mimi ndiye niliyemtotolesha," Mama Violet akasema.

"Atakuzoea," mumewe akamjibu.

Alimweka kuku mapajani, akafungua kifungo, akatoa bawa moja kwenye mpira, kisha la pili, akalivua lile koti. Wakainama wote watatu kutazama. Mgongo ulikuwa umefungwa, na manyoya mapya yalikuwa yamejaa, mafupi, mekundu kuliko yale ya zamani. Mama Violet akapitisha kidole juu yake, polepole, kutoka shingoni hadi mkiani, hakuona mahali ngozi ilipokuwa imeachana.

Elimringi akamshusha. Kuku alisimama kidogo, akajikung'uta. Akaonekana kushangaa jinsi alivyo mwepesi. Kisha akatafuta mahali pakavu chini ya ukingo wa paa, penye vumbi laini ambalo mvua haikulifikia, akalala ubavu akaanza kuoga. Alirusha vumbi kwa miguu, akalipokea kwa mabawa, akajisugua shingo, akajigeuza upande wa pili, akafungua bawa lote juani, akafumba macho. Vumbi likawafikia wote watatu, likatua kwenye viatu vya safari vya Mama Violet na kwenye suruali ya fundi, ile nyeusi, iliyopigwa pasi asubuhi hiyo. Hakuna aliyesogea.